Somo la Papa, Kutoka Masisi Mpaka Walikale

Tangu niweke chaki chini, walimu vijana wa shule yetu wanakuja nyumbani kuniuliza kazi ilikuwaje zamani. Wanataka kujua nilipandishwa cheo mara ngapi. Habari hiyo haina ladha, nairuka. Nitawaandikia juu ya samaki mmoja, kwa sababu alinisumbua kuliko wanafunzi wote niliofundisha, na mpaka leo sijamwona kwa macho.

Nilianza kazi Masisi, juu milimani, miaka ya arobaini ikielekea mwisho. Shule ilikuwa nyumba moja ndefu ya udongo, paa la majani, madirisha matupu. Asubuhi ukungu uliingia darasani kabla ya wanafunzi. Siku yangu ya kwanza niligeukia ubao kuandika tarehe, nikasikia nyuma yangu mtu anapumua kwa nguvu. Nikasema bila kugeuka, "Wewe, funga kinywa, andika." Darasa likacheka. Nilipogeuka nikaona ng'ombe ameingiza kichwa dirishani, anatafuna daftari la mtu. Alikuja siku nyingi mwaka ule, na kwa kuhudhuria aliwashinda wengi.

Aliyenionyesha kazi ni moniteur Donatien, ndivyo walimu tulivyoitwa wakati ule. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti iliyofika kijiji jirani cha Lushebere upepo ukiwa mzuri. Chaki ikiisha, alinipeleka kuchimba udongo mweupe kando ya kijito. Tuliufinyanga kama vidole, tukauanika. Akiandika ubaoni, alikwenda kukaa benchi ya mwisho, kati ya watoto, asome mwenyewe. Neno asiloliona alirudi kulifuta. Kengele yetu ilikuwa jante, chuma cha gurudumu, la lori lililokufa barabarani, na Donatien alilipiga kwa nyundo mpaka ndama walikimbia. Nilimpenda sana yule mtu. Alinikemea nje ya darasa tu, kamwe si mbele ya watoto, na nyinyi vijana mngejifunza hilo.

Siku moja misheni ilituletea mzigo. Ndani mlikuwa na picha kubwa ya kitambaa, imeshonewa fimbo juu na chini, na kitabu kidogo cha Kiswahili cha pwani. Kwenye picha mlikuwa na samaki sita wabaya wa sura, na juu yao neno la Kifaransa, *requins*. Kitabu kiliwaita papa.

Hapo nilipaswa kusimama nifikiri. Masisi nzima, Papa ni mzazi wako wa kiume, ao mwanaume yeyote unayemheshimu. Mimi mwenyewe, na miaka yangu ishirini na miwili, niliitwa Papa Mwalimu na mama waliokuwa na watoto wavivu. Lakini nilikuwa mgeni katika kazi, kitabu kilikuwa kipya, kinanukia gundi. Nikatundika picha, nikasoma sentensi moja moja, watoto wakarudia kwa sauti:

"Papa ana meno mengi sana. Papa akipoteza jino, lingine huota. Papa hana mfupa hata mmoja. Papa wengine wakiacha kutembea hufa. Papa jike ni mkubwa kuliko papa dume. Papa wengi hawana haja na mtu, lakini wachache humuuma."

Niliona macho yao yamekuwa makubwa. Nikadhani ni furaha ya elimu. Picha yenyewe wale wa benchi za nyuma hawakuiona vizuri, maana ukungu ulikuwa bado umekaa katikati ya darasa. Walisikia maneno tu, wakayabeba nyumbani.

Kesho yake alikuja Papa Ferdinand, mfugaji wa kilima cha pili, ambaye mtoto wake alikuwa darasani kwangu. Alivua kofia, akanipa kibuyu cha maziwa, akakaa. Alikuwa anahema.

"Mwalimu," akasema, "mutoto yangu anasema papa akipoteza jino, ingine inaota."

"Ndiyo, Papa. Kitabu kinasema hivyo."

Akafungua kinywa. Mbele palikuwa na pengo la meno mawili. "Ngombe ilinipiga teke, sasa iko myaka tatu. Zitaota siku gani?"

Nilimwambia polepole kwamba yule papa wa somo ni samaki. Papa Samaki.

Akafikiri. "Papa Samaki, simujue. Anakaa wapi? Ni mutu ya Kashuga?"

Ilinichukua muda. Alipoelewa, hakukasirika kwa ajili ya meno, alikasirika kwa jambo lingine. Mke wake, Mama Leokadia, alikuwa amesikia kwa mtoto kwamba papa akisimama anakufa. Tangu jana hakumwacha akae. Alimtuma maji, kuni, tena maji, na kila alipotaka kupumzika alimwambia, "Tembea, Papa ya batoto. Mwalimu amesema. Mi sitaki kubakia mujane." Jioni alimkumbusha pia kwamba jike ni mkubwa kuliko dume, na hilo nalo limeandikwa.

Kabla ya juma kuisha, baba wanane walisimama mbele ya shule, wote wamechoka miguu. Donatien aliwapokea. Alileta picha nje juani, akawaonyesha, na sauti yake ikafanya kazi yake. Wakacheka, wakaenda. Mimi nikafikiri yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jumapili iliyofuata Padri mkuu alikuja kupima katekisimu. Alikuwa Mbelgiji mrefu, mwenye haya, asiyependa kelele. Alimsimamisha mtoto wa benchi ya nyuma kabisa na kumuuliza swali rahisi, akitaka kusikia habari ya mkuu wa Kanisa.

"Papa anakaa wapi?"

"Mu bahari, Padri."

Padri akadhani hakusikia vizuri. "Anafanya kazi gani?"

"Anatembea. Akisimama anakufa."

"Lakini... Papa ni mmoja tu, ni kweli?"

"Hapana, Padri. Biko sita. Moja iko na kichwa kama nyundo." Mtoto akaona uso wa Padri unabadilika, akataka kumtuliza. "Haikule bantu yote, Padri. Inakula kidogo tu."

Nilitaka ardhi ya Masisi, ambayo mvua huiteremsha hovyo kila mwaka, iteremke na mimi siku ile. Padri aliuliza ni nani mwenye somo. Nikainua mkono kama mwanafunzi.

Walitaka kunifukuza. Donatien alikwenda misheni kwa mguu akanitetea kutwa nzima, na namna nilivyoijua sauti yake, nadhani walikubali ili anyamaze. Hukumu ikawa hii: niende Walikale, chini msituni, nianzishe darasa kando ya mto. Na Padri akaniambia, bila kunitazama, "Na samaki wako, uwabebe."

Nikakunja picha, nikaifunga mgongoni, nikashuka. Donatien alinisindikiza mpaka njia inapoacha malisho. Aliniambia, "Gervais, ukifika kule, kwanza uulize neno linamaanisha nini kwa watu. Halafu ndipo ufundishe." Akarudi. Nililia kidogo nikitembea, na kwa kuwa njia iliteleza nilianguka huku nalia, mambo mawili yasiyopendeza kufanya pamoja.

Walikale ilikuwa dunia nyingine. Joto lilikaa juu ya mtu kama blanketi lililoloa. Mto Lowa ulipita mpana, rangi ya chai, na nusu ya wanafunzi wangu walikaa ng'ambo. Kila asubuhi walivushwa na Papa Alexis, mpiga kasia mwenye mtumbwi mrefu na maneno machache. Samaki tuliletewa na dada Sidonia, msichana wa rika langu, aliyeongoza wanawake wanaovua kwa vikapu kando ya mto. Aliponiona mara ya kwanza aliniuliza kama ninajua kuogelea. Nikamwambia kule kwetu Masisi maji yanapita chini na sisi tunakaa juu. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea samaki mmoja.

Safari hii nilikuwa mwangalifu. Neno papa sikulitamka. Nilitumia la Kifaransa, watoto wakalifanya "reke", na hakuna mzazi hata mmoja aliyeitwa Reke. Niliuliza kwanza, kama Donatien alivyosema. Nikatundika picha juani ili wote waone. Nikaeleza kila aina kwa utulivu. Huyu mkubwa kuliko wote, mwenye madoa, anafungua kinywa na kunywa vidudu vidogo vidogo, hamuumi mtu. Huyu analala chini kwenye mchanga, ukimwacha anakuacha. Huyu wa kichwa cha nyundo ana sura mbaya tu, kama jamaa wengine. Huyu mweupe tumboni ni mkali, na huyu wa mistari anameza hata kamba na makopo. Na huyu wa mwisho, mnene, mwenye pua fupi, Wafaransa wanamwita kwa jina la mbwa. Yeye hutoka baharini akapanda mito.

Msichana mmoja, Esperance, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mutoni gani?"

"Mito mikubwa, inayomwaga maji baharini."

"Siku ya kwanza ya juma ulisema Lowa inamwaga mu Lualaba."

"Ndiyo."

"Na Lualaba inaenda mpaka mu bahari."

"Ndiyo, Esperance, vizuri sana," nikasema. Nilifurahi kwa jinsi alivyounganisha masomo mawili. Mwalimu huota siku kama ile. Nilimpigia makofi.

Kesho asubuhi hakuna mtu aliyevuka. Watoto wa ng'ambo walikuwa wamesimama kule kwenye mchanga, wamepangana kwa urefu, wakitusalimia kwa mkono. Papa Alexis alikuwa amevuta mtumbwi mpaka juu kabisa, karibu na mihogo, na yeye amekaa ndani.

"Papa Alexis, kuna nini?"

"Reke imbwa," akajibu.

Vikapu vya wanawake vilianikwa juu ya nyua. Siku ya pili kijiji kizima kilikula sombe, majani ya mihogo ya kutwanga. Siku ya tatu, sombe. Siku ya nne mkubwa wa kijiji alikuja kwangu na wazee wawili, akaniambia kwamba sombe ni nzuri lakini ina mwisho.

Nikawaeleza. Nilichora ubaoni mto wote mpaka baharini. Nikaonyesha maporomoko ya Stanleyville, na mengine makubwa zaidi kule chini kabla ya bahari, maji yanayoanguka juu ya mawe kwa kishindo. Samaki yule hawezi kupita pale.

"Hawezi panda na miguu?" akauliza mzee mmoja.

"Hana miguu."

"Ulikuwa unaficha habari muzuri namna hii siku nne?" akasema mzee. Lakini mtoni hakwenda mtu.

"Lakini mnaishi na mamba!" nikasema. Uvumilivu ulikuwa umenitoka. "Mamba wako hapa hapa, mimi mwenyewe nimewaona. Na kila siku mnavuka."

Mkubwa wa kijiji akatikisa kichwa, kama mtu anayemsikitikia mtoto. "Mwalimu, mamba tunamujua. Huyu anakaa kwenye muti ulianguka, ule mwingine kwenye kona. Tunajua saa zao. Reke haina fasi yake. Iko popote."

Na hapo dada Sidonia, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema neno lililoniuma kuliko yote. "Mbele ya wewe kufika, mu mayi yetu hamukukuwa reke. Njo wewe uliileta ku mugongo."

Kweli niliileta mgongoni. Ilikuwa ya kitambaa, lakini niliileta.

Siku hiyo hiyo mjumbe alileta barua. Inspekta wa shule alikuwa njiani, angefika siku mbili baadaye. Akikuta benchi nusu tupu, darasa lifungwe, watoto wapelekwe shule nyingine, mwendo wa siku mbili msituni. Nilijua wengi hawatapelekwa popote. Esperance asingepelekwa, mama yake alishaniambia hivyo. Sikula hata ile sombe.

Inspekta akafika. Na kwa bahati yangu, alifika upande wa ng'ambo. Tulimwona kwenye mchanga, Mbelgiji mnene wa kofia nyeupe, amekaa juu ya sanduku lake kati ya wanafunzi wangu, anapiga makofi kuita mtumbwi.

Nilimwendea Papa Alexis, nikapiga goti kabisa. "Papa, nakuomba. Mvushe, na watoto."

Papa Alexis akaonyesha mto kwa kidole. "Ingia wewe. Mpaka hapa." Akajigusa kifua. "Ukirudia na miguu mbili, mi nitapiga kasia."

"Mimi sijui kuogelea."

"Sikusema uogelee. Simama tu. Kama reke iko, itakuona."

Kijiji chote kilikuja kuangalia. Sijawahi kuwa na darasa lililotulia namna ile. Nilivua viatu, nikakunja suruali mpaka magotini, jambo lisilo na maana kwa mtu anayekwenda kuloa kifua. Nikaingia. Tope lilikuwa laini, maji ya uvuguvugu. Magoti. Kiuno. Nikasikia Inspekta ng'ambo anauliza watoto kwa sauti, "Yeye anafanya nini?" na watoto wakamjibu kwa heshima, "Anangoja reke, Bwana."

Maji yalipofika kifuani nikageuka, nikainua mikono yote miwili, nikasema, "Mnaona? Hakuna ki—"

Kitu kikanipiga mguuni. Sikuumwa. Nilipigwa, mwili mzima, kutoka unyayo mpaka meno, kama nimeshika radi kwa mkia. Nikapiga kelele. Nilipofungua macho ukingo wote ulikuwa mtupu. Mkubwa wa kijiji alikuwa anakimbia mbele, fimbo yake imebaki imesimama kwenye tope. Papa Alexis alikuwa ameingia tena ndani ya mtumbwi wake, kule juu kwenye mihogo.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Dada Sidonia alisimama, mikono kiunoni, akinisikiliza nilivyolia kama fundi anavyosikiliza mashine.

"Ilikuuma ao ilikutetemesha?"

"Ilini-te-te-te..."

"Aaa!" akasema. Akatwaa kikapu juu ya ua, na fimbo ya mkubwa wa kijiji, akaingia majini hata hajapandisha kitambaa chake. Alinisukuma pembeni kama mlango, akachokoa tope kwa fimbo, akatupa kikapu, akainua. Ndani alilala samaki mnene, wa kijivu, mwenye ndevu, macho madogo, sura ya mtu aliyeamshwa. Ni yule samaki wa tope ambaye ukimgusa mkono wote unakufa ganzi. Kila mtoto wa mto anamjua.

Sidonia aliinua kikapu juu ya kichwa, akaita mpaka miti ikaitika. "Mukuje muone reke yenu! Njo hii imebanyima chakula juma muzima! Mi nitaikula leo, na chumvi!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Papa Alexis. Sikujua kama ana meno mpaka siku ile. Halafu wanawake wakaanza kurudi, wakaangalia ndani ya kikapu, wakaniangalia mimi nilivyoloa na kutetemeka, wakashikana mabega kwa kicheko. Mmoja akachukua kikapu chake. Mwingine naye. Kabla sijafika ukingoni, walikuwa wameingia mtoni wote, na wanarushiana maji.

Inspekta akavushwa, na watoto wote pamoja naye. Benchi zikajaa. Alikaa mbele, akajipangusa jasho, akaona picha ukutani, akasema kwa Kiswahili chake, "Nani anajua hii nyama?"

Esperance alisimama. Alizitaja aina zote sita, chakula chao, meno yao, zipi hazina haja na mtu na mbili ao tatu ambazo mtu azipishe njia. Alitaja maporomoko ya Stanleyville. Alimalizia kwamba mtu anayekaa Walikale hana sababu ya kuogopa reke, ila amuogope mwalimu akiingia majini, kwa sababu anakanyaga ovyo. Inspekta alicheka hadi kofia ikaanguka. Akatuambia kwao anakaa karibu na bahari, ameogelea tangu utoto, na hajaumwa hata na kaa.

Siku ya kuondoka nilimpeleka mtoni. Papa Alexis alikuwa tayari, kasia mkononi. Ng'ambo, kwenye mti ulioanguka, mamba alikuwa anaota jua, urefu wa mtumbwi wetu hivi, kinywa wazi.

Inspekta akasimama. "Ile nini?"

"Mamba, Bwana," nikasema. "Huyu ni wa mti ulioanguka. Tunamjua."

"Mimi hapana pita."

"Saa hii hana njaa, Bwana. Tunajua saa zake."

"Mimi hapana pita!"

Akakaa kwetu siku nne zaidi. Wanawake wakapita mbele yake na vikapu, watoto wakavushwa asubuhi na jioni, na yeye kila siku akaja mpaka ukingoni na sanduku, akatazama, akarudi. Kwa kukosa kazi aliingia darasani kwangu akafundisha hesabu, vizuri sana, lazima niseme. Siku ya tano Papa Alexis alimlaza chali ndani ya mtumbwi, akamfunika uso kwa kofia yake mwenyewe, akamvusha bila kumuuliza.

Ripoti yake ilifika baada ya mwezi. Darasa lisifungwe, liongezewe benchi. Chini, kwa mkono wake, alikuwa ameongeza kwamba moniteur wa Walikale ajifunze kuogelea haraka.

Nilifundishwa na dada Sidonia, kila Jumamosi, mahali ambapo maji hayapiti magoti. Nilikuwa mwanafunzi mgumu. Ilichukua karibu mwaka, na tulipomaliza wazazi wake waliona afadhali nimuoe, ili watu waache kuja kutazama. Yuko hapa sasa, anasoma juu ya bega langu. Anasema nimeandika vibaya pale nilipokanyaga samaki. Sikupiga kelele tu, anasema, nilimwita mama yangu, mara tatu, na ng'ombe mmoja kwa jina.